Ngome Mbili Kwenye Bahasha Moja

Mfalme George wa Tano wa Uingereza alikuwa mgonjwa wa stempu. Januari 1904, angali mrithi wa kiti tu, alilipa mnadani pauni 1,450 kwa stempu moja ya peni 2 kutoka Mauritius. Kwa siku zile hizo zilikuwa fedha za kununulia nyumba, tena si moja. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa ikulu alimwuliza kama amesikia habari za mjinga fulani aliyetupa mali yote hiyo kwa kikaratasi kimoja, naye akajibu kwamba mjinga mwenyewe ni yeye. Aliendelea kukusanya hadi uzeeni. Albamu nyekundu zenye mkusanyo wake zilifika 328.

Mtu wa namna hiyo alipokaribia kutimiza miaka 25 ya utawala, hapakuwa na shaka kwamba sherehe haitapita bila stempu. Alikuwa amerithi kiti tarehe 6 Mei 1910. Jubilei ya Fedha ikapangwa kuangukia 6 Mei 1935, na Ofisi ya Makoloni ikaamua jambo ambalo himaya ya Waingereza haikuwahi kulifanya: makoloni yote ya taji, zaidi ya 40, yatoe stempu za ukumbusho kwa siku hiyo moja na kwa mchoro huo mmoja. Kitakachobadilika ni jina la nchi, thamani na rangi, basi.

Wareno walikuwa wametangulia. Mwaka 1898, miaka 400 baada ya Vasco da Gama kuipita pwani yetu, ambako alipokewa kwa uadui Mombasa na kukaribishwa Malindi, Ureno ilitoa seti ya stempu nane kwa ajili yake yenyewe na makoloni yake. Wafaransa nao walifanya hivyo mwaka 1931 kwa Maonyesho ya Makoloni ya Paris. Waingereza walichelewa, lakini walipoanza hawakufanya kidogo.

Swali lilikuwa: picha gani itamfaa mtu wa Fiji, wa Jamaika, wa Kisiwa cha St Helena na wa Kisumu kwa wakati mmoja? Mchoraji Harold Fleury aliweka sura ya mfalme na Kasri la Windsor. Ukiitazama haraka unaona ni jengo zuri la kifalme, halina neno. Lakini kasri hilo lilikuwa na kazi ya pekee kwa familia ile. Hadi mwaka 1917 ukoo wa mfalme uliitwa Saxe-Coburg na Gotha, jina la Kijerumani kabisa, huku Waingereza na Wajerumani wakiuana kwenye mahandaki ya Ufaransa na, tusisahau, wakiwabebesha watu wetu mizigo ya vita kutoka Taveta hadi Ruvuma. Tarehe 17 Julai mwaka huo mfalme alitangaza kwamba kuanzia siku ile ukoo wake utaitwa Windsor. Alilichukua jina la nyumba akalifanya la watu. Kwa hiyo stempu za 1935 zilichapa uso wa mtu pamoja na jina lake la ukoo, ila jina lenyewe lilijengwa kwa mawe.

Na mawe hayo ni ya zamani kweli. William wa Normandy, aliyeivamia Uingereza mwaka 1066, aliweka ngome hapo Windsor juu ya mto Thames ili aushike upande wa magharibi wa London. Alirundika kilima cha udongo na chokaa, akajenga juu yake kwa mbao. Henry wa Pili akaleta mawe karne iliyofuata. Edward wa Nne alianza Kanisa la Mtakatifu George mwaka 1475. Ule Mnara wa Duara tunaouona kwenye stempu, ambao ndio macho huuangukia kwanza, umepata urefu wake kutokana na George wa Nne, aliyemwajiri Jeffry Wyatville katika miaka ya 1820 auongeze kimo kwa kiasi cha mita 9, kwa sababu alitaka uonekane kama ngome ya kale zaidi. Nusu ya ukale wa mnara ule ni pambo la karne ya 19. Juu yake kuna mlingoti wa bendera. Mfalme akiwapo, hupanda bendera yake. Asipokuwapo, hupanda ya taifa. Mlingoti huo uwekeni akilini, maana ndio uliowatia wazimu wakusanyaji wa stempu duniani.

Kazi ya kuchapa ilikuwa kubwa mno kwa kampuni moja, ikagawiwa tatu za London: Bradbury Wilkinson, De La Rue na Waterlow. Njia iliyotumika ni ile ya bamba la kuchongwa. Mchongaji hukaa na kipande cha chuma laini na kioo cha kukuza, akachimba picha mstari kwa mstari, kinyumenyume. Chuma kikishafanywa kigumu kwa moto, picha huhamishiwa kwenye gurudumu, na gurudumu hubonyezwa kwenye bamba kubwa mara 60, stempu sita kwa upana na kumi kwa urefu. Wino hujazwa miferejini, uso wa bamba hufutwa safi, karatasi hukandamizwa kwa nguvu hadi inyonye wino kutoka ndani. Ndiyo maana stempu ya aina hii ukiipitishia kidole unahisi vimatuta. Za Jubilei zilikuwa na rangi mbili, kwa hiyo karatasi ilipita mara mbili, na kila rangi ilikuwa na bamba lake.

Sasa, penye kubonyeza mara 60 ndipo penye kuteleza. Bamba likikwaruzwa kidogo, mkwaruzo hushika wino, na wino huchapa kitu ambacho mchoraji hakukikusudia. Kwenye bamba moja la Bradbury Wilkinson, stempu ya kwanza ya mstari wa tisa ilitoka na mlingoti wa pili ukisimama peke yake kushoto kwa kasri, kana kwamba mfalme ana bendera ya akiba. Kwenye bamba lingine mlingoti huo wa ziada ulikuwa mfupi. Kwenye lingine tena palionekana kitu mfano wa kinga-radi, na kwingine mlingoti wa kwanza uliota pacha wake. Waterlow nao walikuwa na yao: kimnara kilichobomoka, ndege karibu na mnara, na ile ninayoipenda kuliko zote, kishada angani na gogo chini, ambalo kwenye bamba moja limesimama na kwenye lingine limelala. Hakuna mtoto aliyerusha kishada Windsor siku ile. Ni kosa la kiwandani, lakini wenye kukusanya stempu walilipa jina, orodha zikalitambua, na bei ikapanda.

De La Rue walikuwa na doa kushoto kwa kanisa, doa kando ya mlingoti, kistari kando ya kimnara, na mstari wa mshazari. Hawa ndio waliochapa za kwetu. Idara moja ya posta ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, na stempu zake za Jubilei zilikuwa nne: senti 20, senti 30, senti 65 na shilingi 1. Chukua ile ya shilingi, weka kioo cha kukuza mahali ambapo mlingoti unatoka mnarani, na ukiwa na bahati ya mtende utaona nukta. Nukta tu, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Tofauti ya bei kati ya stempu yenye nukta na isiyo nayo inaweza kumshangaza mtu yeyote mwenye akili timamu.

Jambo la kushangaza zaidi ni wiki yenyewe. Tarehe 1 Mei 1935, siku tano tu kabla, posta hiyohiyo ilikuwa imezindua stempu zake za kwanza zenye majina ya nchi zote tatu, na zilikuwa za picha: korongo mwenye taji, jahazi kwenye Ziwa Victoria, simba, Mlima Kilimanjaro, daraja la reli la Jinja, Ziwa Naivasha. Yaani Jumatano mtu ananunua Kilimanjaro dirishani, Jumatatu inayofuata anauziwa kasri la bonde la Thames ambalo yeye na karani wa posta hawajawahi kuliona. Tanganyika haikuwa hata koloni kwa sheria. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Ushirika wa Mataifa. Windsor ikabandikwa hivyohivyo.

Zanzibar haikubandikwa Windsor. Stempu zake zilikuwa za Sultani, na Sultani Khalifa bin Harub alikuwa na jubilei yake mwenyewe njiani. Alikikalia kiti tarehe 9 Desemba 1911; alipotimiza miaka 25, tarehe 9 Desemba 1936, visiwa vilitoa stempu nne, na picha iliyochaguliwa haikuwa Beit el-Ajaib wala Ngome Kongwe ya Forodhani, ingawa zote mbili zilikuwa hapo zinatazama bandari. Ilikuwa ni jahazi lake, Sham Alam, tanga likiwa limejaa upepo. Mimi naona aliyechagua alijua anachofanya. Ngome ile walijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na kwa muda mrefu ilikuwa gereza. Jahazi lilikuwa ndilo lililoleta kila kitu.

Mfalme George wa Tano hakuishi kuona mwaka mmoja upite tangu Jubilei. Alifariki tarehe 20 Januari 1936 akazikwa katika Kanisa la Mtakatifu George, ndani ya kasri lililochapwa pamoja na sura yake.

Koloni moja miongoni mwa yale zaidi ya 40 lilikuwa tayari na ngome yake kwenye stempu kabla Windsor haijafika. Ni Gold Coast, Ghana ya leo. Tangu mwaka 1928 stempu zake za kila siku, kuanzia nusu peni hadi shilingi 5, zilionyesha sura ya mfalme na ngome ya Christiansborg iliyopo Osu, mjini Accra, zikiwa zimechapwa na Harrison wa London. Barua iliyotoka Accra katikati ya mwaka 1935 iliweza kabisa kubeba ngome mbili kwenye bahasha moja: ile iliyowatawala kutoka mbali, na ile iliyowatawala kutoka ufukweni.

Hiyo ya ufukweni ilikuwa na mambo yake. Wadenmark waliijenga mwaka 1661 juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, wakafanyia hapo biashara ya dhahabu, kisha ya watu. Mwaka 1693 akatokea Asameni, mfanyabiashara wa Kiakwamu aliyewajua Wadenmark kwa muda mrefu na kuijua ngome hiyo kama kiganja chake. Aliingia na kundi la watu wake wakijifanya wateja wa bunduki. Mteja wa bunduki ana haki ya kuijaribu, na bunduki haijaribiwi bila risasi. Wadenmark walipokuja kutambua, bunduki zilikuwa zimewageukia. Asameni aliishika ngome kwa muda wa mwaka hivi, akavaa mavazi ya gavana, akawakaribisha manahodha wa Kizungu mezani na kuwapigia mizinga ya heshima. Juu ya mlingoti alipandisha bendera yake mwenyewe: nyeupe, na katikati yake mtu mweusi ameinua upanga. Mwaka 1694 akawauzia Wadenmark ngome yao kwa uzito wa dhahabu uliokubaliwa, lakini funguo hakuzirudisha. Mpaka leo ziko kwa Waakwamu.

Sheria ya Denmark ilipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kuanzia mwaka 1803, na mwaka 1850 ngome hiyo pamoja na nyingine za Wadenmark zikauzwa kwa Waingereza. Tetemeko la 1862 liliibomoa sehemu ya juu. Ilikaliwa na askari, ikawa hospitali ya wenye maradhi ya akili, na mwaka 1902 ikafanywa makao ya serikali ya koloni. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana kwenye stempu. Ngome inayochapwa kwenye stempu huchorwa kutoka mbali, mchana wa jua, na pasipo mtu. Mchoraji hulazimika, kwa sababu nafasi yenyewe ni sentimita mbili tatu. Lakini ukosefu wa nafasi huwafaa sana wenye ngome.

Vita vya pili vya dunia vikaja. Divisheni ya 81 na ya 82 za Afrika Magharibi zilipelekwa Burma, na kwenye vita hivyohivyo ilikuwapo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa KAR (King's African Rifles) waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakiongea Kiswahili. Waliahidiwa mengi. Wale wa Gold Coast waliporudi Accra walikuta bei ya vitu imepanda, ajira hakuna, na malipo ya uzeeni yanacheleweshwa. Tarehe 28 Februari 1948, siku ya Jumamosi, waliokuwa askari hao walipanga msafara kumpelekea gavana malalamiko yao kwa maandishi, na gavana alikaa Christiansborg. Walipofika njia panda inayoelekea ngomeni, polisi walisimama mbele yao. Afisa wa Kiingereza aliwaamuru warudi, hawakurudi. Alifyatua bunduki mwenyewe. Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na askari Odartey Lamptey wakaanguka. Mji ukawaka moto siku hiyo, maduka yakavunjwa, na kabla ya katikati ya Machi viongozi sita wa chama cha UGCC, akiwamo Kwame Nkrumah, wakawa kizuizini.

Miezi minne baadaye, Julai 1948, Gold Coast ilitoa seti mpya ya stempu, iliyokuwa imeandaliwa kabla ya ghasia. Ngome haikutoka. Iliwekwa kwenye ile ya peni 1, tulivu kama ilivyo kawaida yake, na watu wa Accra wakaendelea kuilamba na kuibandika.

Nkrumah alifungwa tena mwaka 1950, safari hii katika James Fort, ngome nyingine ya pwani ya Accra ambayo Waingereza waliijenga karne ya 17 na kuifanya gereza. Akiwa humo alishinda uchaguzi. Februari 1951 aliachiliwa, na siku iliyofuata Gavana Charles Arden-Clarke alimwita Christiansborg kumtaka aunde serikali. Kutoka ngome moja hadi nyingine ni mwendo mfupi tu wa gari ufukweni.

Wakati huo London nayo ilikuwa inarudi kwenye ngome. Septemba 1955 posta ya Uingereza ilitoa stempu nne za bei kubwa zilizochorwa na Lynton Lamb, kila sehemu ya ufalme na ngome yake: Carrickfergus ya Ireland ya Kaskazini kwa shilingi 2 na peni 6, Caernarfon ya Wales kwa shilingi 5, Edinburgh ya Uskoti kwa shilingi 10, na Windsor, bila shaka, kwa pauni 1. Wapenzi wa stempu huzihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za kuchonga. Lakini ulizeni watu wa Wales. Caernarfon ilianzwa kujengwa mwaka 1283 na Edward wa Kwanza ili kuwatia adabu wao. Tarehe 1 Julai 1969, Charles alipotawazwa humo kuwa Mwana wa Mfalme wa Wales, posta ilitoa stempu za ukumbusho za David Gentleman zenye malango ya ngome hiyo na Mnara wa Tai. Usiku uliotangulia, wanaume wawili wa Wales wasiotaka sherehe hiyo walikuwa wamekufa mjini Abergele, bomu lao likiwalipukia wenyewe.

Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, stempu mpya za siku hiyo zilikuwa na sura ya Nkrumah, tai na ramani ya Afrika. Wako Waingereza waliochukizwa kuona uso wa malkia wa Uingereza umeondolewa, naye Nkrumah akawaeleza kwamba wengi wa watu wake hawajui kusoma, na wanapaswa kuonyeshwa kwa macho kwamba nchi ni yao. Hata hivyo huwezi kuchapa kila kitu kwa siku moja. Akiba ya stempu za zamani ilipigwa chapa ya maneno ya uhuru wa Ghana na tarehe yake, ikauzwa. Kati yake ilikuwamo ile ya peni 1: malkia pembeni, Christiansborg katikati, na juu yake maneno yanayotangaza kwamba utawala uliokaa ndani ya ngome hiyo umekwisha. Mashine iliyopiga chapa hiyo haikuwa na shairi kichwani. Ilikuwa inamaliza akiba. Lakini mimi sijaona stempu ya ngome iliyosema mengi zaidi.

Mwaka 1959 ikaja seti mpya kabisa, na nafasi ya peni 1 ilichukuliwa na sanamu ya Nkrumah. Sanamu yenyewe iliangushwa na umati katika mapinduzi ya Februari 1966. Ngome iliwaona na hao waliopindua wakihamia ndani, na waliofuata pia; ilibaki makao ya serikali hadi mwaka 2013.

Wakusanyaji wanajua thamani za vitu hivi sokoni. Windsor ya 1935 yenye mlingoti wa ziada, yaani mkwaruzo wa bamba, huuzwa kwa fedha nyingi na huhitaji hati ya mtaalamu kuthibitisha kwamba si ya kughushi. Ile ya peni 1 ya Osu iliyopigwa chapa ya uhuru ilichapwa kwa wingi sana, na mtu akiitaka ataipata kwa bei ya andazi.